Nilipokuwa Masikio ya Baba

Harufu ya oili iliyoungua, ikichanganyika na ya dagaa waliotandazwa juani: hapo ndipo kwetu. Karakana ya baba ilikuwa Kirumba, kando ya ziwa, kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya mawe mawili makubwa, na ndani yake mashine ndogo ya kukereza chuma ambayo baba, kama mama alivyozoea kumtania, aliipenda kuliko sisi. Alikereza bushi za boti, vile vipete vya shaba vinavyoshikilia mhimili wa injini, na vyuma vya baiskeli. Kukereza hakukumpa shida. Shida ilikuja mwishoni, pale kipande kilichokamilika kinapotakiwa kukatwa kitoke kwenye chuma kilichobaki. Kisu cha kazi hiyo ni chembamba, kinaingia polepole huku chuma kikizunguka, na kikibanwa kinavunjika na kuharibu kila kitu. Kabla hakijabanwa, mashine hulia, mlio mwembamba, na fundi akiusikia hukirudisha nyuma. Baba alikuwa hasikii. Miaka aliyofanya kazi kwenye kelele za kinu cha pamba ilikuwa imemmaliza masikio, na wateja hawakujua, kwa sababu alisoma midomo yao na kucheka walipocheka.

Kwa hiyo msimu mmoja wa mvua, nikiwa darasa la nne, nikawa masikio yake. Nikitoka shule, sijavua hata sare, nasimama nyuma yake. Mashine ikilia, namgusa bega. Analegeza, anapaka oili, anaendelea. Jamani, kusikiliza kunachosha! Wenzangu wako ziwani wanaogelea, mimi nimekaza shingo mpaka inauma. "Mama, wewe ukisinzia, sote tunalala njaa," baba aliniambia mimi bintiye, akicheka, lakini hakuwa anatania. Nilichoka mno, na nilimkasirikia pia.

Siku moja alikuwa anakata bushi ya mzee mmoja wa Nansio, kule kisiwani, mwenye boti, ambaye ndiye aliyetuletea wateja wote wa huko. Shaba yenyewe aliileta yeye, na hatukuwa na nyingine. Kisu kikiwa katikati ya shaba, mzee huyo akaingia. Kwetu mtoto hamwachi mtu mzima asimame bila salamu. Nikageuka, nikapiga goti. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Shule vipi?" Nami nikajibu kwa adabu zote, huku nyuma yangu mashine inalia. Niliisikia. Sasa ningemkatizaje babu wa watu? Mzee naye akaisikia, akapaza sauti, "Fundi, zima! Fundi!" Baba hakugeuka. Paa! Kisu kikavunjika, bushi ikachimbika vibaya.

"Kumbe hasikii," mzee akasema taratibu, akinitazama mimi. Hakututukana wala hakudai chochote. Alimshika baba mkono, akamwonea huruma waziwazi, kisha akaondoka. Hakurudi, na wenzake hawakuja tena. Tukabaki na vyuma vya baiskeli na ugali wa mara moja kwa siku. Mama alipotaka kunichapa, baba akamzuia. "Kosa lake nini? Kamwamkia mkubwa."

Leo mashine ile ni yangu. Kisu ni kilekile chembamba, ila siku hizi wengi wananunua bushi za dukani, zikiisha wanatupa, na mimi napata zile kazi ngumu ambazo duka halina. Mgongo unaniuma kabla hata ya saa sita. Mtu akiingia nikiwa nakata, simwitikii mpaka kipande kidondoke, na mtaani wanasema nina dharau. Waseme. Baba amezeeka, anashinda kwenye kigoda karibu nami, kiganja kwenye meza ya mashine. Nilidhani ni mazoea tu ya mtu aliyekosa kazi.

Wiki iliyopita nilikuwa nakata shaba, nimechoka, nikishukuru kwamba angalau leo chuma kinakwenda kimyakimya. Mara nikahisi mkono begani.

"Inalia, mama," baba akasema, kiganja chake kingine bado kwenye meza ya mashine.

Nikazima, nikainama kutazama. Kisu kilikuwa kimeanza kubanwa. Na mimi sikuwa nimesikia kitu.