Swali Nililoshindwa Kumtafsiria Mama

Mimi ni mwalimu, na kwa kusema sijambo. Darasani napayuka mpaka darasa la jirani wananilalamikia. Lakini siku niliyompeleka mama hospitali Masasi kwa ajili ya presha, nilikuwa bubu.

Mama ni mtu wa kijiji cha Chilangala, lugha yake ni Chimakonde. Kiswahili anakisikia kidogo, kukisema ndiyo taabu. Daktari alikuwa kijana wa Kanda ya Ziwa, Chimakonde hakijui hata salamu. Basi nikakaa katikati, natafsiri. Alimwamkia mama, akampima, akauliza habari za kichwa, macho, miguu, yote nikayafikisha. Kisha akauliza, "Haja ndogo je? Anabanwa mara kwa mara? Inamtoka kabla hajafika chooni?"

Jamani! Mtoto wa kiume nimuulize mama yangu mzazi habari za mkojo wake? Kwetu hayo hayatamkwi. Mama ananitazama, anasubiri. Nikajibu mwenyewe, "Kawaida tu, daktari." Mama nikamwambia ameulizwa kama analala vizuri. Akasema analala.

Akaandikiwa vidonge vya presha, vile vya kupunguza maji mwilini. Niliondoka najiona muungwana kweli.

Kumbe kibofu kilikuwa kinamsumbua siku nyingi, na vile vidonge vikamzidishia. Kanisani, kama mke wangu alivyokuja kusimuliwa baadaye na waumini wenzake, ikawa mahubiri hayajaisha ameshatoka mara tatu, kanga imelowa. Hakumwambia mtu. Aliacha dawa kimyakimya ili aweze kukaa na akina mama wenzake mpaka mwisho wa ibada.

Alianguka shambani akiokota korosho. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, maneno yakapotea. Vidonge tulivikuta chini ya godoro, karibu vyote.

Daktari yuleyule alinieleza kwa upole kwamba presha na kibofu huangaliwa pamoja, na kwamba zipo dawa za presha zisizomkimbiza mtu chooni. "Ningejua, mwalimu, ningempa hizo." Heri angenitukana.

Sasa mama yuko kwangu, na mke wangu ndiye anayembadilisha nguo. Nikiingia, anavuta shuka mpaka kidevuni kwa mkono uliobaki mzima. Kila akitajiwa dawa analia, maana anaamini amejiponza mwenyewe. Mke wangu humbembeleza kwa Chimakonde, "Usijilaumu, mama, hukujua." Mimi nasimama mlangoni nasikiliza. Mpaka leo sijamwambia mama lile swali la daktari lilikuwa nini.