Harusi ya Mama Chini ya Leso

Leo nimerekodi rangi ya buluu mchana kutwa. Msinicheke!

Mamangu ana kanda ya video ya harusi yake, ile sherehe ya wanawake watupu. Alitaka niihamishie kwenye diski kabla haijaharibika.

"Lakini usitazame, mwanangu, wewe mwanamume. Shoga zangu wamo bila buibui."

Nikaunganisha deki ya video na kompyuta, nikaanza kurekodi, nikaifunika kompyuta kwa leso, nikatoka zangu barazani.

Kuja kufungua, skrini nzima ni buluu tupu, hakuna picha! Waya wa deki ulikuwa umechomoka, na chini ya leso nani angeuona?

Ikabidi turudie, mama abonyeze vitufe mwenyewe, nami nikimwelekeza kutoka nje ya mlango.

Mara wimbo, vigelegele, na mama akipiga ukelele: "Huyo anayeimba ni nyanyako!"

Nyanya alifariki kabla sijazaliwa.

Kumuona sikumuona. Lakini wallahi, leo nimeijua sauti yake.