Nilifuta video za mzee wa Wamunyu kwa mstari mmoja wa xargs

Wakuu, habari za saa hii.

Nimeamua kuandika kwa sababu hii kitu imenikaa kifuani na siwezi tulia. Sitaongeza chumvi. Vile ilitokea ni mbaya ya kutosha.

Mimi naishi Machakos town, kazi yangu ni hizi za kompyuta: kuinstall, kutengeneza, kuprintia watu fomu. Siku tatu kwa wiki naenda Wamunyu kwa kikundi kimoja cha wachongaji. Natunza picha na video za kazi zao kwa laptop ya ofisi. Ni nzee sana, nimeiwekea Linux kwa sababu kitu ingine yoyote inailaza. Ukifungua picha mbili kwa mpigo inaanza kupumua kama punda amepanda mlima.

Kila mchongaji ako na folda yake, imeandikwa jina lake.

Sasa nyinyi ambao si Wakamba, hapa msikize vizuri. Kwetu mtoto huitwa jina la babu yake, kwa hivyo kwa kikundi cha watu sitini unapata akina Mutisya watano. Basi kila mtu tunamwongezea jina la mama. Kuna Mutisya wa Kasiva, kuna Mutisya wa Syombua, hivyo hivyo. Lakini yule mkubwa wao haongezewi kitu. Yeye ni Mutisya tu. Kumwongezea jina ni kama kumuuliza yeye ni nani, na hakuna mtu ako na hiyo ujasiri.

Na folda nilikuwa nimeziandika vile vile watu huitana.

Huyo Mzee Mutisya alipigwa na stroke mwaka jana. Mkono wa kulia ulikufa, na sauti ikaenda. Bahati nzuri kikundi kilikuwa kimemrekodi kabla, video arobaini na moja, anachonga huku akieleza. Binti yake Ndinda ndiye alichukua benchi yake. Miaka yote alikuwa wa kupiga msasa tu, sasa akawa anajifunza kuchonga kwa hizo video, anakuja ofisini anaangalia kidogo, anarudi kujaribu.

Kuna moja ndiyo alikuwa anaitaka zaidi. Mzee anaonyesha vile unachonga shingo ya twiga kwa mti mbichi, na isipasuke ikikauka. Shingo za wengine hupasuka. Za mzee hazikuwa zinapasuka.

Basi.

Jumatano moja mwenyekiti akaniambia disk imejaa na kuna picha mpya zinakuja, nitoe folda za watu kumi na moja waliotoka kwa kikundi. Walikuwa wameshachukua vitu vyao. Akanipea majina, nikayaandika kwa faili, kila jina mstari wake.

Mtu wa kawaida angefuta moja moja, dakika tano amemaliza. Lakini mimi nilikuwa nimejifunza xargs wiki hiyo hiyo, na mkono ulikuwa unaniwasha. Kwa wale hawaijui, unaipea orodha, inaunganisha hiyo orodha na command yako, halafu inarun yenyewe. Nikaandika:

cat walioondoka.txt | xargs rm -rf

Hapo rm -r ni kufuta folda na kila kitu ndani, na hiyo f inamaanisha usiniulize na usilalamike. Nikabonyeza Enter. Kimya. Hakuna error hata moja.

Nikaangalia folda. Mutisya wa Kasiva bado iko. Nzioka wa Ndunge bado iko. Wote kumi na mmoja wako.

Nikasema aah, hii kitu imekataa. Nikarun tena. Kimya tena. Nikakasirika, nikawafuta kwa mkono, nikamwaga picha mpya kwa ile nafasi, nikaenda kula githeri.

Wakuu, haikuwa imekataa.

Xargs ukiiacha hivyo inakata kwa kila nafasi kati ya maneno, si kwa kila mstari. Kwa hiyo "Mutisya wa Kasiva" kwake haikuwa mtu mmoja. Ilikuwa vitu vitatu: Mutisya, wa, na Kasiva. Folda ya jina "wa" haiko. Ya Kasiva haiko. Lakini ya Mutisya iko, ndiyo ya mzee. Ikaifuta, na ile f ikanyamazia hayo mengine.

Ijumaa asubuhi Ndinda akaja na flash mpya. Alikuwa ameinunua ndio hatimaye abebe video zote nyumbani, asikuwe anatuomba kiti kila siku. Nikafungua, folda haiko. Nikasearch. Nikaangalia trash, na rm haipitii trash. Nikakumbuka ile command ya Jumatano.

Hapo ndipo nilifanya kitu ya aibu. Nikamwambia hizi disk za zamani huwa zinakufa tu, hata haujui ni lini.

Akaamini mara moja. Akaniambia pole, nisijisumbue, si makosa yangu. Akatoka akaniletea chai.

Hiyo chai niliiacha ikapoa. Nilikaa nayo, nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi, nikaenda choo na sina haja. Nje tezo za wachongaji zinagonga mbao, kila mtu na kazi yake, mimi nazunguka kama kuku anatafuta pa kutagia. Nilijua nikiondoka pale na huo uongo, sitarudi tena Wamunyu nikiwa na macho ya kumwangalia mtu.

Nikamfuata kwa benchi. Nikamwambia disk haijakufa, ni mimi nimefuta, na nimefuta kwa sababu nilikuwa najionyesha.

Akaweka msasa chini.

"Wambua," akasema, "sauti ya baba yangu ilikuwa hapo tu."

Afadhali angenitusi.

Nilitoa ile disk, nikarun software ya kurudisha mafaili. Ilichukua siku mbili, na kila dakika kumi niko pale naangalia asilimia. Zikarudi kumi na saba. Zingine zilikuwa zimefunikwa na zile picha mpya, picha nilizoziweka mwenyewe. Hizo kumi na saba pia zilirudi bila majina, namba tu. Jumatatu mzee akaletwa na boda boda, akakaa mbele ya laptop, tunafungua moja moja, anatuonyesha kwa mkono wa kushoto ni ya kitu gani. Alikuwa na subira kuliko mimi. Tulipomaliza akaangalia kama kuna ingine. Ile ya shingo haikuwa hapo.

Somo, kwa wale mnapenda njia ya mkato kama mimi. Jina likiwa na nafasi ndani, tumia xargs -d '\n' ikate kwa mstari. Kabla ya rm, run kwanza na xargs -n1 echo, uone vipande vyake kila kimoja kwa mstari wake. Echo peke yake inakuwekea zote kwa mstari mmoja na hautaona shida. Weka -p ikuulize. Na hiyo f msiiweke. Command ikinyamaza haimaanishi imekataa, nenda uangalie imefanya nini.

Mimi ndiye nilirun, lakini aliyepoteza si mimi.

Ndinda bado anajaribu shingo. Mzee humshika kiwiko na ule mkono mzima, anamvuta akikosea, lakini hawezi kumwambia kwa nini. Kila inayopasuka anakuja nayo ofisini, anaiweka kwa meza yangu, anarudi kwa benchi yake. Ziko sita sasa, na sijamwuliza kama ni hasira ama anataka tu nijue. Sijazitoa.

Kuna faili moja ilirudi nusu, kubwa kuliko zingine zote, na haifunguki. Mimi naamini ndiyo hiyo. Kama kuna mtu humu amewahi kutengeneza mp4 iliyoharibika, aniandikie hapa hapa chini, hata kama ni kunitukana kwanza ndio anisaidie. Kesho ni siku yangu ya Wamunyu.