Kumshinda Papa

Hadi leo nikipita mbele ya gereji nikasikia harufu ya grisi iliyochanganyika na mafuta ya taa, mkono wangu wa kulia unataka kushika kitu. Si spana wala nyundo. Unataka kushika farasi. Msinicheke kwanza, nitawaeleza.

Papa, yaani baba yangu, alikuwa mashinisti, dereva wa treni, enzi za Zaire, na nyumba yetu pale Kalemie ilikuwa karibu na reli kiasi kwamba injini ikipita, vikombe viligongana kabatini. Kwa vyuma vilivyotupwa karakanani alikuwa ametengeneza mchezo wa sataranji, ambao sisi tuliuita eshe, kwa Kifaransa. Askari walikuwa nati. Minara ilikuwa bolti fupi nene. Farasi walikuwa misumari mikubwa iliyopindwa shingo. Yule ambaye wengine humwita askofu, Papa alimwita kichaa, kwa kuwa ndivyo Wafaransa wanavyomwita. Malkia alikuwa kipande cha bomba la shaba, na Mama alizoea kusema kwamba huyo ndiye mwanamke pekee wa nyumba ile aliyewahi kupewa shaba.

Vyuma vya upande mmoja vilisuguliwa kwa mchanga wa ziwa hadi vikang'aa, na hivyo vilikuwa vyangu. Vya upande wa pili vilipakwa oili chafu vikawa vyeusi, na hivyo vilikuwa vya Papa. Yeye alicheza akiwa kwenye kiti chake cha mbao chenye mikono, kiti ambacho hakuna mtu mwingine aliyekikalia nyumbani kwetu, hata mgeni wa heshima. Mimi nilikaa kwenye kigoda.

Nilipata nafasi ya kwenda kusoma kwa masista kule Kongolo, ambako ningekaa bweni. Nguo zilishonwa, sanduku likanunuliwa, lakini mimi niliwaza kitu kimoja tu. Nilitaka kwenda na vile vyuma. Nilimwomba Papa kwa adabu zote, nimepiga magoti, nimempelekea maji ya kunawa bila kuitwa. Alinitazama, akanijibu kwamba vyuma vile haviombwi. Nikimshinda kabla ya kuondoka, hata mara moja, vitakuwa vyangu. Nisipomshinda vitabaki, na huko Kongolo nitaruka kamba na wenzangu.

Sasa mjue hali yangu. Nilikuwa nimewashinda kaka zangu wote wawili, hata wakaacha kucheza nami wakisema nina mdomo mchafu. Nilikuwa nimewashinda watoto wa avenyu yetu na mwalimu mmoja aliyejifanya ana haraka. Lakini kwa Papa nilikuwa nimekwama, kama gari kwenye tope: gurudumu linazunguka, gari liko palepale. Nilijifunza mtego mpya, yeye akauziba. Nikajifunza mwingine, nao akauziba, huku akipiga miayo. Kuna Jumapili nilizoinuka mezani nikaenda nyuma ya nyumba kulia kwa hasira, halafu nikanawa uso nikarudi kupanga vyuma upya. Hasira ninayo tangu kuzaliwa, lakini kuacha sijui.

Papa alipokuwa safarini kuelekea Kabalo, nilibaki na ubao peke yangu. Nilipanga ule mchezo alioutumia kunishinda mara ya mwisho, nikautazama kutoka kigodani kwangu hadi macho yakauma. Sikuona kosa langu lolote. Kila chuma changu kilionekana shujaa. Ndipo nilipoinua macho nikaona kile kiti kitupu upande wa pili, nikajiuliza yeye huwa anaona nini kutoka pale.

Nilikikalia. Jamani, nilikikalia kabisa, na mikono juu ya mikono yake.

Na nikaona. Kutoka kule, vyuma vyangu vilivyong'aa vilikuwa vimeanikwa wazi kama nguo kwenye kamba. Malkia na kichaa wangu walikuwa wamekimbilia upande mmoja, kila mara upande uleule, na mtu yeyote mwenye macho angejua wanakwenda kufanya nini. Upande wa pili mnara na farasi wangu walikuwa wamesimama mahali walipopangwa, hawajaguswa tangu mwanzo. Nilikuwa napigana vita kwa nusu ya jeshi. Papa hakuwa na haja ya kunishambulia. Alingoja tu wale wawili wachoke, kisha akaja kuwakusanya.

Mama aliingia akitoka kutwanga sombe, majani ya muhogo, akanikuta hapo. Nilijua kofi linakuja.

"Hicho kiti kina mwenyewe," alisema.

"Ninajua, Mama. Ni ule mwenyewe ninamutafuta."

Aliutazama ubao, akanitazama mimi. Kisha akaniambia nikiondoka nikipanguse vizuri, akarudi kwenye sombe yake. Mpaka leo sijui kwa nini hakunipiga.

Basi siku zile zote nilicheza pande mbili. Nikisogeza chuma cha kung'aa, nainuka, nazunguka meza, naketi kitini kwa Papa na kujiuliza: sasa huyu mtoto anataka nini? Nikisogeza cheusi, nazunguka tena hadi kigodani: huyu mzee anataka nini? Kaka zangu walisema nimeingiwa na wazimu. Niliwaacha waseme. Farasi aliyekuwa amelala nilimtoa mapema, na malkia nilimzuia nyumbani, ingawa mkono uliniwasha.

Papa aliporudi alinishinda tena. Lakini safari hii hakupiga miayo, na chai yake ilipoa. Jumapili iliyofuata tulimalizana vyuma hadi tukabaki na wafalme tu, hakuna mshindi. Nikahesabu hiyo kuwa si kitu, kwa sababu kutoshindwa hakukunipa vyuma.

Mchezo wa mwisho tulicheza sanduku langu likiwa tayari limefungwa kamba mlangoni. Papa alifikiri sana siku hiyo. Jasho lilimtoka puani. Mnara wangu, ule wa upande uliokuwa ukilala, ulishuka hadi mwisho wa ubao, na farasi akaziba njia ya mwisho ya kutorokea. Papa alitafuta mahali pa kumpeleka mfalme wake, akatafuta tena, akamlaza chali taratibu.

"Beba," alisema. "Usivipoteze."

Akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Nilidhani amekasirika, na kusema kweli nilifurahi, kwa kuwa ilimaanisha hakuniachia.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mama wa watoto, nilikutana kwenye kituo cha Nyunzu na Papa Mulongo, mzee aliyekuwa msaidizi wa Papa wangu kwenye injini. Nilipomtajia jina langu, Feza, alicheka hadi akashika kiuno. Akanieleza kwamba mwaka ule wote kabla sijaenda Kongolo, kila treni iliposimama kungoja njia, Papa wangu alichora ubao kwa chaki juu ya kifuniko cha sanduku la vyombo, akapanga punje za mahindi na vijiwe, na kumlazimisha acheze. Yeye Mulongo mchezo wenyewe hakuupenda.

"Nilikuwa ninacheza kwa nafasi yako," aliniambia. "Hakuniita Mulongo. Alisema, 'Feza, cheza.' Nikisogeza vibaya anakataa, anasema, 'Feza hawezi cheza vile, ule mutoto ananifikia.'"

Nilibaki nimesimama pale na mizigo yangu, treni ikiita. Nilikuwa nimeamini kwamba mwaka ule mzima sikusogea hata hatua moja, kwa sababu kila Jumapili Papa alikuwa mbele yangu kwa umbali uleule. Kumbe nilikuwa napanda, tena kwa kasi, na mtu mzima aliyeendesha treni hadi Kabalo alikuwa anakesha kwenye chaki na mahindi ili nisimpite. Kipimo changu, yaani Papa mwenyewe, nacho kilikuwa kinapanda, na kilichokuwa kinakipandisha ni mimi.