Wino Mwekundu wa Mwalimu Luhende

Mwalimu Luhende hakumpendelea mtoto yeyote, na alihakikisha kila mtu anajua hivyo. Siku alipomfungia geti mwanawe mwenyewe, Josia, kwa kuchelewa dakika nne, habari ilifika sokoni Dutwa kabla ya saa nne asubuhi. Mkewe alinuna wiki nzima. Yeye aliendelea kunywa chai yake na kuja kazini.

Alifundisha hisabati, na juu ya hiyo alikuwa mwalimu wa nidhamu. Alitunza daftari la wachelewaji, mistari imepigwa kwa rula, majina yote kwa wino mwekundu. Aliyepitwa na kengele ya saa moja na nusu alichota maji ya kumwagilia miti mpaka vipindi viwili vya kwanza viishe, ndipo akaruhusiwa kuingia darasani. Awe mtoto wa diwani au wa mfugaji, ndoo ilikuwa ileile. Mimi nilimheshimu kwa hilo. Nimewahi kufundisha shule ambayo mtoto wa mwenye duka hakugusa ufagio tangu darasa la kwanza.

Mwezi wa pili mwaka jana tuliitwa semina mjini Bariadi, mada ikiwa usawa mashuleni. Tukapewa soda na fomu. Fomu ilimtaka kila mwalimu aeleze anauonaje usawa katika shule yake. Wengi wetu tulijaza ukurasa mzima kwa maneno tuliyoyasikia asubuhi ileile. Luhende aliandika sentensi moja: "Upo, kwa sababu kanuni ni moja kwa wote." Akarudisha fomu wa kwanza, akamalizia soda yake.

Mwezi wa saba yakaja matokeo ya mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Mimi ndiye mwalimu wa taaluma, kwa hiyo maswali yote huishia mezani kwangu. Watoto tisa walikuwa wameanguka vibaya hisabati na Kiingereza, lakini masomo mengine wanafanya vizuri tu. Mmoja wao alikuwa Ndaki, binti wa Bundala, msichana mkimya ambaye insha zake nilikuwa nawasomea wenzake. Alikosa alama kumi tu za kufaulu. Na baba yake alishasema wazi kwenye kikao cha wazazi kwamba asipochaguliwa sekondari, harudii. Kuna watu wa Mwandoya walikuwa wameshakuja kumuulizia, na ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatajwa.

Nilikuwa natafuta karatasi nyingine kabisa nilipolifungua lile daftari la wino mwekundu. Majina tisa yote yalikuwamo, karibu kila siku ya kiangazi. Wote wanatoka ng'ambo ya mto. Kipindi cha kwanza ni hisabati, cha pili Kiingereza. Ratiba hiyo niliipanga mimi, nikijisifu kwamba asubuhi akili bado mbichi. Nilijisikia vibaya, na sikutaka kujisikia vibaya peke yangu, kwa hiyo nikampelekea Luhende.

Luhende alisoma daftari lake mwenyewe kwa muda mrefu. Kisha akasema wachelewaji wawahi, basi. Kesho yake alfajiri akapanda baiskeli kwenda kujionea uzembe wao.

Yaliyotokea huko alinisimulia yeye, kwa hiyo naamini hakujipendelea. Kiangazi mto ule hauna maji. Watu huchimba visima mchangani na kunywesha mifugo kwa zamu. Alimkuta Ndaki ndani ya shimo, maji magotini, akichota kwa kibuyu na kumwaga kwenye hori la udongo. Alikuwa hapo tangu saa kumi na moja. Luhende mwenyewe alikulia kazi hiyo, ila alikuwa ameisahau, ndivyo alivyosema. Alisalimia, "Mwangaluka," akamwomba Bundala amwachie mtoto awahi kengele.

Bundala hakukasirika. Alikuwa anasubiri ndama wadogo na ng'ombe waliodhoofu wa jirani yake wanywe kwanza, kama ilivyo desturi ya pale. Aliyetoka mbali naye hupishwa, na hakuna anayenung'unika. Akamuuliza Luhende, "Na pale shuleni kwako, mwalimu, aliyetoka mbali mnampa nini?"

"Ndoo," Luhende alijibu. Alisema jibu lilimtoka kabla hajalifikiria.

Siku hiyo alifika shuleni saa tatu. Alifungua daftari, akaandika jina lake kwa wino uleule, akachota maji ndoo mbili mbele ya wanafunzi wote. Wengine walicheka, nami nilicheka kidogo. Jioni tuliketi kupanga ratiba upya. Wenzetu walilalamika kwamba tunabembeleza uzembe, na kwamba mtoto anayewahi naye ana haki yake. Walikuwa na hoja. Hata hivyo hisabati ilihamia baada ya mapumziko, Kiingereza kikaifuata, na wa ng'ambo wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja bila ndoo. Luhende akawabakiza wale tisa kila alasiri kuwafundisha. Zilikuwa zimebaki wiki saba kabla ya mtihani wa taifa.

Watoto saba kati ya tisa walifaulu. Ndaki alikosa alama mbili.

Luhende alikwenda kwa Bundala mara tatu kuomba Ndaki arudie darasa. Mara ya tatu alikuta ng'ombe wageni zizini, akarudi bila kuingia ndani. Mdogo wake Ndaki, Sayi, yuko darasa la tatu. Kiangazi anachelewa na hakuna anayemuuliza.

Mwezi wa pili mwaka huu tuliitwa tena semina ileile. Soda zikaja, fomu zikaja na swali lilelile. Safari hii Luhende alikuwa wa mwisho kurudisha yake. Alikuwa amekuja na daftari lake la zamani kwenye mfuko wa plastiki, na alikuwa anahesabu kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, tangu kiangazi Ndaki alipokuwa darasa la sita. Nilichungulia. Kwenye nafasi ya jibu alikuwa ameandika: "Ndaki Bundala. Siku sitini na moja nilimtoa nje ya somo langu."