Deni la umeme la mpangaji aliyenitangulia, na kadi ya mchango aliyonitumia

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Kuna uzi humu wa jamaa aliyehamia nyumba akakuta mita ina deni la watu, na wengi wenu mnamwambia "lipa tu yaishe". Nimeusoma nikapandwa na hasira zangu za zamani.

Na mimi yalinikuta, Dodoma, miaka ya tisini. Ninayoandika ndivyo yalivyokuwa. Mke wangu amekaa hapa pembeni, nikitia chumvi atanirekebisha.

Kwanza mjue mimi ni Mpare. Wenye utani wao wa Wapare na kesi, eti tunauza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku, wacheke sasa hivi wamalize, tuendelee.

Nilihamishiwa Dodoma nikiwa karani, kijana, nimeoa juzijuzi. Ni zile enzi za ruksa, soko huria limeingia, mshahara wa serikali ukiupokea asubuhi jioni umekwisha.

Kila mtumishi alikuwa na mradi. Bosi wangu alifuga kuku wa mayai, katibu muhtasi aliuza vitenge palepale ofisini. Usipokuwa na mradi watu walikuonea huruma.

Tukapanga nyumba Makole kwa mama mmoja mwenyeji wa mjini. Akatutembeza, akasema, "Umeme upo, maji yapo, majirani wazuri." Nikalipa kodi ya nusu mwaka. Habari ya bili hakuna aliyeitaja.

Vijana mnaonunua umeme kwa simu hapa hamtaelewa. Zamani ulitumia kwanza, akaja msoma mita, halafu bili ikakufuata taratibu. Mtu aliweza kutumia, akahama, akaiacha bili iko njiani.

Mradi wetu ulikuwa samaki. Zamu ya mke wangu kwenye upatu wa akina mama ilipofika, alinunua friza lililotumika kwa jamaa aliyekuwa akileta vitu vya Dubai. Akawa anapanda basi la Iringa, anashuka Mtera, ananunua perege kwa wavuvi, anakuja kuwauzia wenye magesti na migahawa.

Bunge likikaribia mji unafurika wageni, samaki hawatoshi. So safari hiyo, kabla ya kikao, alitia fedha yote aliyokuwa nayo. Friza lilijaa mpaka mfuniko ukagoma, tukaweka tofali juu.

Wakaja jamaa wawili na ngazi. Mimi niko kazini.

"Dada, tunakata."

"Mnakata nini na sisi tumehamia majuzi?"

"Mita hii ina deni."

Mke wangu aliondoa tofali, akafunua friza. "Kaka zangu, hebu angalieni kilichomo humu."

Mmoja akaangalia chini. Mwenzake alikuwa ameshapanda nguzo. Wakasema wametumwa, wakaondoka.

Nikakimbilia ofisi ya umeme nikiwa na bili mkononi. Jina lililoandikwa ni la mpangaji aliyetutangulia. Nitamwita Baba Neema, maana watoto wake ni watu wazima sasa na hawana kosa.

Nikamuuliza afisa wa dirishani, "Jina hili ni langu?"

"Siyo."

"Basi mbona mnanikatia mimi?"

"Deni linafuata mita, ndugu. Na wewe ndiye uliyemo ndani."

Wakuu, hebu fikirini. Mtu ale hotelini, anywe, ajifute mdomo aondoke. Wewe ukikaa tu, mhudumu anakuletea bili yake, eti kwa sababu umekalia kiti chake! Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na yule bwana aliisema bila hata kupepesa macho.

Kwa mama mwenye nyumba nako nikaambiwa yeye anakodisha nyumba, mambo ya umeme ni ya wapangaji.

Fedha yetu yote ilikuwa ndani ya friza. Nikazunguka kukopa, nikaomba advansi kazini, nikalipa deni la watu lote, nikalipa na ada ya kurudishiwa umeme. Halafu nikaambiwa nisubiri zamu, mafundi wako Kongwa.

Jua la Dodoma mnalijua.

Mke wangu alijaribu kuwapasua na kuwatia chumvi awaanike. Lakini samaki wa kuanika anataka kuwahiwa, wale walikuwa wameshaanza kuharibika. Majirani wakafunga madirisha. Tukachimba shimo nyuma ya nyumba, tukafukia.

Hakulia. Alisugua friza kwa sabuni na ndimu, akalifunga, akakaa juu yake. Mimi nililia, simfichi mtu. Kule mjini Bunge limeanza, wenye magesti wanamtafuta mama wa samaki, na mama wa samaki hana hata nauli ya kurudi Mtera.

Umeme ulirudi friza likiwa tupu.

Sasa huyo Baba Neema hakuwa amepotea wala kuhama mkoa. Alikuwa amejenga, amehamia kwake, palepale mjini. Mtu mkubwa wa ofisi nyingine, mzee wa kanisa, suti kila siku. Nikamfuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Karibu, kaa. Leteni soda."

Ikaletwa soda ya baridi, wakuu. Baridi mpaka chupa inatoa jasho! Yeye jokofu lake linanguruma sebuleni, langu mimi linanuka ndimu.

Nikamweleza yote, na risiti nikamwonesha. Akasikiliza kwa upole kabisa, mpaka nikajiona mimi ndiye mkorofi.

"Kijana wangu, nimekuelewa. Haya ni mambo ya kibinadamu. Nikitulia kidogo nitakutafuta."

Nilirudi tena na tena. Kila nikienda soda ipo, upole upo, kutulia bado. Nilifikiria mahakama, mke wangu akanikumbusha kwamba ng'ombe wa kuuza kwa ajili ya kesi sina.

Siku moja tarishi akaniletea bahasha ofisini. Nikafungua.

Kadi ya mchango! Baba Neema na mkewe wanayo furaha kunijulisha kuwa binti yao mpendwa Neema anatarajia kufunga ndoa, na wanaomba mchango wangu wa hali na mali.

Nilisimama nikakaa, nikasimama tena. Wenzangu wakadhani nimepata msiba. Mtu amekula umeme, nimemlipia, ameniozeshea samaki, na bado anataka nimlishe wageni!

Nikaenda nayo nyumbani nikiwa na nia ya kuichoma. Mke wangu akaisoma, akaiweka mezani.

"Twende."

"Tukachange?"

"Twende kwenye kikao."

Kwa wasiojua, kamati ya harusi ni bunge dogo. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kikao chao kilikaa Jumapili baada ya ibada, kwenye darasa la shule ya msingi. Katibu anasoma majina, ukitajwa unasimama unataja ahadi mbele ya watu wote. Kukwepa hapo ni aibu kuliko kukwepa kodi.

Jina langu likasomwa. Nikasimama.

"Mwenyekiti, mimi nilishatoa."

Katibu akapekua. "Ndugu, huku huonekani."

"Sionekani kwa sababu nililipia dirishani, ofisi ya umeme."

Nikainua risiti nikaeleza mwanzo mpaka mwisho. Mita, ngazi, soda. Nikajisemea moyoni, leo utatulia mzee.

Baba Neema akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akatabasamu.

"Ndugu wanakamati, mnauona mkono wa Mungu? Kijana huyu amemchangia Neema hata posa haijaletwa! Katibu, mwandikie double, aje na mama. Naomba makofi."

Na wakapiga makofi! Watu wazima na akili zao. Double maana yake kadi ya watu wawili, heshima ya waliotoa nono. Nimekwenda kudai, narudi nimeandikwa mfadhili. Nilibaki nimesimama na risiti yangu napigiwa makofi.

Mke wangu akainuka.

"Mwenyekiti, bili aliyolipa mume wangu mmeipigia makofi. Na samaki wangu tuliowafukia, nao ni mchango?"

Mmoja alianza kucheka, akajikuta anacheka peke yake.

Hapo ndipo aliposimama mama mmoja kwenye benchi la dirishani. Mama Neema mwenyewe, mama wa bibi harusi. Sisi hakutuangalia.

"Baba Neema, umeme wa Makole haukulipwa?"

"Mama Neema, tutaongea nyumbani."

"Nakuuliza hapa. Hela ya umeme nilikuwa nakupa mimi, kila mwezi, hela ya maandazi ninayouza. Ukaniambia umelipa."

Mzee wa suti akageukia ubaoni, kama vile kuna kitu kimeandikwa.

"Katibu," akasema yule mama, "futa huo mchango. Andika ahadi yangu mimi. Deni la vijana hawa nitalilipa."

Mwenyekiti akafunga kikao kwa sala. Sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia.

Alilipa kweli. Kila mwisho wa mwezi alikuja Makole kwa miguu, hela zimefungwa kwenye pindo la khanga, zina unga wa ngano. Mara ya kwanza mke wangu alikataa.

"Mama, sisi hatukudai wewe."

"Pokea mwanangu. Nikirudi nazo nyumbani atazichukua tena."

Tukapokea. Mke wangu akarudi Mtera, friza likajaa. Mzee yule hakunipa hata thumni, na aliendelea kuketi mbele kanisani kama kawaida.

Funzo nililopata: ukihamia nyumba, kabla hujatoa kodi someni mita pamoja na mwenye nyumba, na mwambie akuoneshe risiti ya mwisho. Akisema "umeme upo", muulize umelipwa na nani.

Lakini linalonikera mpaka leo siyo fedha yangu, maana ilirudi. Ni kwamba bili moja, yule mama aliilipa mara mbili.

Mke wangu anasema tulikosea kuzipokea. Mimi nasema tungezikataa zingeishia mfukoni kwa yuleyule. Tumezeeka tunabishana. Amesoma uzi huu wote, anasema niwaulize: ninyi mngezipokea?