Shairi la Mama Ndani ya Gunia la Pamba

Kwa miaka mitatu ya utoto wangu niliamini, bila hata chembe ya shaka, kwamba mtu akitunga shairi na likachapishwa, anakufa. Sisemi anakufa baadaye, akiwa mzee na wajukuu wamemzunguka. Anakufa kwa sababu ya shairi lenyewe, kama panya aliyekula sumu. Habari hii niliipata kwa binamu yangu Magesa, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuwa akilelewa kwa babu kule Bunda, na Magesa hakuwa mtu wa kusema jambo bila ushahidi. Alikuwa na kitabu cha mashairi cha shule, kisicho na jalada, kilichokwisha kupita mikononi mwa watoto wa wilaya nzima na nadhani mbuzi wawili watatu, maana kona zake zilikuwa zimetafunwa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha za watunzi. "Soma hapo," akaniambia. Nikasoma: Marehemu. "Na hapo?" Marehemu. Tukashuka naye hivyo hivyo mpaka chini, watunzi kumi na mmoja, marehemu kumi na mmoja. "Umeona? Wanakufaga wote. Hakuna hata mmoja aliyepona." Nikamwuliza kama mwalimu wake ana habari. "Anayo. Ndiyo maana anafundisha tu, yeye mwenyewe haandiki."

Wakati huo nilikuwa darasa la nne, na kama kila Juni tulikuwa likizo. Nikitamka neno likizo msinifikirie mtu wa hotelini. Baba alikuwa fundi wa injini za boti, alibaki Musoma na injini zake, na sisi wengine tulitoka nyumbani kwetu Nyakato, pale pale Musoma, mama mbele na mimi nyuma na mabegi, tukaenda kwa babu Bunda kuvuna pamba. Shamba la babu lilikuwa ekari nne, ingawa kwa kipimo cha mgongo wangu lilianzia mlima Balili na kuishia nchi jirani. Shule ikifunguliwa tulipewa insha ya "Likizo Yangu", nami niliandika kila mwaka kwamba tulitembelea mashamba makubwa na kupumzika. Mpaka leo pua yangu inaijua ile harufu ya pamba iliyoshinda juani, harufu ya vumbi jeupe na nguo inayopigwa pasi, na vidole vyangu vinajua makapi makavu ya tumba yanavyochoma pembeni mwa kucha. Jioni tulikaa uani na kuchambua, pamba safi huku, pamba fifi, ile yenye madoa, kule, na babu akipita anatukagua kama ofisa. Mimi nilipewa jina lake, kwa hiyo yeye aliniita wajina, na mama, kwa kuwa nimebeba jina la baba yake mzazi, aliniita baba. Ni heshima kubwa kwa mtoto wa darasa la nne, lakini haipunguzi matumba ya kuvuna.

Mama yangu alikuwa akitunga mashairi. Hakuwa na meza, hakuwa na kalamu masikioni kama watu wa ofisini, alitunga akivuna. Kila tumba aliloling'oa lilikuwa mizani moja. Akitamka silabi, anachuma. Akichuma nane, anatia kwenye kitambaa alichofunga kiunoni, kipande kimekwisha. Nane nyingine, mstari umekamilika. Silabi ikizidi hakuwa na haja ya kuhesabu vidole, mkono wake ulikuwa umebaki na tumba lisilo na mahali pa kwenda. Basi alisimama pale katikati ya mstari wa pamba, tumba mkononi, akitafuta neno fupi zaidi, na babu akapiga kelele kutoka mbali, "Huyo amekwama tena." Ubeti wa kwanza wa shairi la mwaka ule ninao kichwani hadi kesho:

Nimeamka mapema, jua bado limelala,
Pamba imenitazama, yanicheka bila hila,
Mgongo umeniuma, jasho limejaa ndala,
Pamba wewe una jema, lakini huna jamala.

Zilikuwa beti saba. Nyingine sita sikuzishika, na mtaona kwamba hilo si jambo dogo.

Sasa, mama hakununua magazeti, lakini aliyasoma yote. Ya kwake yalikuwa yamefungiwa vitu: sukari, dagaa, maandazi, misumari ya babu. Hakutupa karatasi ya dukani kabla ya kuigeuza pande zote, na akikuta ukurasa wa mashairi ya wasomaji aliunyoosha pajani na kuusoma huku dagaa wakisubiri. Siku moja, akiwa ameshika karatasi yenye mafuta ya maandazi, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema kesho atafua, "Na mimi naweza hili. La kwangu halishindwi na hili." Jioni ile ile alichana karatasi ya katikati ya daftari langu, akaandika beti zote saba kwa mwandiko wa kanisani, akatia bahasha na kubandika stempu aliyoiomba kwa mwalimu jirani. Kesho yake babu alikuwa anapeleka pamba mnadani Bunda mjini. "Baba," mama akaniambia, "utakwenda na babu yako. Ukifika mjini nenda posta, tia bahasha hii kwenye lile sanduku. Usiikunje, usiitie jasho." Alikuwa anacheka peke yake. Sijawahi kumwona mtu mzima amefurahi vile kwa sababu ya karatasi.

Mimi nilikumbuka wale marehemu kumi na mmoja. Nilimkimbilia Magesa nyuma ya zizi. "Hata gazeti?" nikamwuliza. "Au ni vitabu tu?" Akafikiri, na kwa kweli alifikiri kwa uaminifu, sidhani kama alitaka kunidanganya. "Gazeti ndiyo baya zaidi," akasema. "Kitabu mtu anasoma mmoja mmoja. Gazeti wanasoma wote kwa siku moja." Hesabu hiyo niliielewa haraka kuliko hesabu zote za shuleni. Kuichana bahasha niliogopa, kwa sababu ilikuwa na mwandiko wake. Kuificha nyumbani haikuwezekana, maana mama yangu alikuwa akiona mpaka vilivyo chini ya vitanda vya majirani. Basi wakati babu anafunga punda kwenye mkokoteni, nilifungua gunia moja la pamba safi, nikazamisha mkono mpaka kwapani, nikaiacha bahasha kule katikati ambako ni laini na kuna joto kama tumbo la kuku. Nikafunga. Nilijiona daktari bingwa aliyemaliza upasuaji.

Nilikuwa nimesahau jambo moja ambalo kila mtoto wa mkulima wa pamba anapaswa kulijua. Mnadani kuna karani, na karani kazi yake ni kutowaamini watu. Wapo waliokuwa wanatia mchanga, wapo waliokuwa wanamwagia maji ili gunia lizidi uzito, kwa hiyo kila gunia linaloletwa karani anakunja shati, anatumbukiza mkono na kupapasa. Akikuta kitu, pamba yote inarudishwa nyumbani na jina la mwenye nayo linatajwa mbele za watu. Babu alikuwa hajawahi kurudishiwa gunia hata moja na alipenda kulieleza jambo hilo kwa yeyote aliyesimama karibu. Karani akatumbukiza mkono gunia la kwanza. La pili. Mimi nilihama kutoka mguu huu kwenda mguu ule mpaka babu akaniambia, "Wajina, kama ni haja ndogo nenda, usinichezee ngoma hapa." Gunia la tatu lilikuwa lile langu. Mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko, ukatulia. Naapa jua lilisimama. Karani akazungusha kidogo, akatoa jani moja kavu, akalitazama kama barua ya serikali, akalitupa. "Safi," akasema. Babu akanipiga bega. Magunia yakapakiwa kwenye lori la kiwandani, na shairi la mama yangu likaondoka Bunda likiwa limelala vizuri kuliko sisi sote.

Kurudi Musoma tulishukia Makutano, tukaingia Butiama kumsalimia shangazi, dada yake baba, kama ilivyokuwa desturi ya kila mwaka. Mwaka ule ziara haikuwa na raha kwangu. Mama alikuwa hajakaa hata vizuri, chai haijapoa, akamwambia shangazi, "Wifi, mkifungiwa kitu dukani msichome karatasi. Nimepeleka shairi." Shangazi hakuwa mtu wa mashairi, lakini alikuwa mtu wa kutangaza, na kabla hatujalala nusu ya Butiama ilikuwa inajua kwamba wifi yake wa Nyakato atatoka gazetini. Watu walikuja kumpa mkono. Mzee mmoja jirani alimwuliza kama shairi linamtaja yeye. Nilizunguka nyumba ile mara nyingi kiasi kwamba kama ningekuwa natembea kwenda mbele ningefika Kisorya na kupanda kivuko. Mama alipokohoa kwa sababu ya moshi wa jikoni, nilikimbia kumwangalia. "Una nini wewe leo?" shangazi akaniuliza. "Mbona hutulii kama kifaranga cha mvua?" Nikasema sina kitu. Moyoni nilikuwa nasema, mngejua nimewaokolea nani.

Nyumbani Nyakato ndipo kusubiri kwenyewe kulipoanza. Kila Jumamosi mama alipotoka sokoni alipitia mtaa wa Mukendo kwa muuza magazeti, akaomba kutazama ukurasa mmoja tu, na yule bwana akamruhusu kwa sababu aliona ana adabu. Mimi nilikuwa namshikia kikapu. Kidole chake kilishuka kwenye majina taratibu, kikafika chini, kikarudi juu kuhakikisha. "Bado," akamwambia muuza magazeti. "Watakuwa na foleni." Wiki ya pili, bado. Mwezi wa pili, bado. Muuza magazeti akazoea, alipomwona kwa mbali tu alitikisa kichwa ili asijichoshe kuvuka barabara. Kisha Jumamosi moja tukatoka sokoni na mama akanyoosha njia ya nyumbani bila kusema lolote. Nilipomkumbusha, alijibu, "Twende, baba, samaki wataharibika." Nilifurahi sana. Nilitembea njia nzima nikiruka mashimo. Mama yangu alikuwa amepona.

Juni iliyofuata tulikwenda tena kuvuna. Pamba ilikuwa nyingi, jua lile lile, babu yule yule. Mama alivuna haraka kuliko mwaka uliopita, mikono miwili, hasimami popote katikati ya mstari. Siku ya tatu babu alinyoosha mgongo, akamtazama kwa mbali, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wajina, mama yako anaumwa?" Nikasema haumwi. "Mbona hakwami?" Niliinama nikaendelea kuchuma. Usiku nilijigeuza kwenye mkeka kama samaki anayekaangwa pande zote, na sababu yenyewe siijui, kwa kuwa nilichotaka nilikuwa nimekipata: yupo, mzima, anakoroma chumba cha pili. Hakutunga tena mwaka ule, wala mwingine, na mpaka naanza kuota ndevu nilikuwa nimesahau kwamba aliwahi kutunga.

Uvumi wa Magesa uliniishia wenyewe, kama nguo inavyokubana ukaacha kuivaa. Hakuna aliyekaa nami kunisahihisha, na mimi sikuuliza. Shule niliiacha kidato cha pili, nikaingia kwenye injini za baba, na nilipopita miaka thelathini nikajiandikisha masomo ya jioni, nikawa nakaa dawati moja na vijana wa kuzaa mwenyewe, mikono inanuka petroli. Huko nilikutana tena na mashairi. Mwalimu alipotuambia tuhesabu mizani, darasa zima lilipigapiga vidole mezani. Mimi nilijikuta mkono wangu wa kulia unachuma hewa. Unachuma na kutia kiunoni, unachuma na kutia kiunoni. Wenzangu walicheka mpaka mwalimu akakaa chini. Mimi nilicheka nao, kisha nikatoka nje na sikuweza kurudi kipindi kile. Siku hizi wale vijana wakitunga beti mbili wanazitupa kwenye kundi la simu, na kabla chai haijamiminwa watu arobaini wamezisoma na kuweka vidole gumba. Mama yangu alikuwa na beti saba na stempu moja ya kuomba, na msomaji wake wa pekee alikuwa gunia.

Cheti kilipotoka nilimpelekea. Alikuwa barazani pale pale Nyakato, ungo mapajani, anachagua mchele. Alikisoma kile cheti pande zote mbili, hata upande usio na kitu.

"Kiswahili umepata B," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nani kakufundisha?"

"Mizani umenifundisha wewe," nikasema, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka, nikamwambia na yaliyobaki. Bahasha. Gunia. Karani. Nilijaribu kulisimulia kwa kuchekesha, ndivyo nilivyozoea, nikamwambia pengine kuna bwana nchi za mbali amevaa shati lenye beti zake saba na hajui kwa nini mgongo unamuuma. Hakucheka. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya mchele.

"Kwa hiyo hawakulikataa," akasema.

"Hawakuliona."

"Mimi nilijua lilikuwa bovu." Akaokota jiwe dogo, akaliweka pembeni. "Miaka yote hiyo, baba. Nilijua wamelisoma wakaona ni bovu."

Nilimwambia nisamehe. Akaniuliza kilichonituma kufanya vile, na hapo, mtu mzima mwenye cheti na watoto wawili, ikanibidi nimweleze kitabu cha Magesa, picha za ukurasa wa mwisho, watunzi kumi na mmoja na neno lililokuwa chini ya kila mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza tena kuchagua mchele, polepole.

"Kitabu kile kilikuwa cha zamani," akasema. "Nilisoma hicho hicho mimi, na kabla yangu wengine. Walioandika walikuwa wazee, baba. Walikufa kwa uzee."